Siri Iliyosahaulika na Kijitabu cha Bure

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu, seva na simu. Leo naomba mnivumilie kidogo kwa sababu nataka kuzungumzia visu. Ndiyo, visu, hivi hivi vya kukatia nyama na sukumawiki. Mkifika mwisho mtaona kwamba sikutoka nje ya mada za blogu hii kama mnavyodhani.

Kwa muda sasa uraibu wangu wa wikendi umekuwa kutengeneza visu kwa mkono. Mtu anayekaa mbele ya tarakilishi siku tano kwa wiki hufika mahali akatamani kushika kitu kinachoshikika. Karakana yangu ni ya kimaskini: jiko la makaa nililolitoboa ubavuni, feni ndogo ya kupuliza moto, kipande cha reli badala ya fuawe, nyundo, koleo, tupa na msasa. Chuma nanunua kwa wauzaji wa vyuma kuukuu, hasa springi za pikapu zilizovunjika.

Kisu changu cha kwanza kilinichukua Jumamosi mbili. Nilikifua, nikakipiga tupa mpaka kikapata umbo. Kisha nikafanya kile nilichokiona kwenye sinema: nikakipasha moto hadi kikawa chekundu, nikakitosa ndani ya ndoo ya maji. Kikalia "ting!" Sauti ndogo tu, kama kijiko kikigonga glasi. Nilipokitoa kilikuwa na ufa kutoka kwenye makali hadi karibu na mgongo. Msicheke!

Nilikipeleka kwa mzee mmoja wa jua kali anayefua patasi na majembe. Alikigeuza mara moja tu mkononi akacheka. "Kijana wangu, hii chuma ya springi haitaki maji. Inataka mafuta." Nikamwuliza alijuaje. Akasema alifundishwa na mjomba wake. Nikamwuliza yeye amemfundisha nani. Akainua mabega. Watoto wake hawataki moshi.

Jibu hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Ndipo nikaanza kusoma historia ya ufundi huu, na humo nikakutana na wahunzi wawili wa Marekani waliotenda mambo kinyume kabisa. Kwa bahati tu, wote wawili walizaliwa tarehe 1 Mei.

Wa kwanza ni James Black, aliyezaliwa mwaka 1800 huko Hackensack, jimbo la New Jersey. Akiwa kijana alihamia kwenye mji mdogo uitwao Washington katika Arkansas (si ule mji mkuu mnaoujua) akafanya kazi ya uhunzi. Visu vyake vilipata sifa kubwa. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyemfulia Jim Bowie, yule aliyekufa katika vita vya Alamo mwaka 1836, kisu kirefu ambacho aina yake inaitwa kwa jina la Bowie hadi leo. Wanahistoria wanabishana kuhusu jambo hilo nami siingii katika ugomvi wao. Linalonihusu ni hili: inasemekana Black alikuwa na njia yake mwenyewe ya kukomaza chuma, na aliilinda sana. Hatua zenyewe alizifanya nyuma ya pazia la ngozi ili mtu asizione.

Mwishoni mwa miaka ya 1830 Black alishambuliwa akiwa mgonjwa, macho yake yakaumia, na hatimaye akapofuka. Mhunzi husoma joto la chuma kwa rangi yake, kwa hivyo asiyeona hana kazi tena. Aliishi kwa miaka mingi akitunzwa na familia ya daktari mmoja. Mtoto wa daktari huyo, Daniel Webster Jones, alikuja kuwa gavana wa Arkansas kuanzia 1897 hadi 1901, na ndiye aliyeacha maandishi kuhusu siku mzee alipotimiza miaka 70, yaani tarehe 1 Mei 1870.

Siku hiyo Black alimwita Jones, akamwambia kwamba familia yake imemtendea wema, na kwa kuwa hakuna anachoweza kuwalipa, atampa ile siri. Alete kalamu na karatasi aandike. Jones akaketi tayari. Mzee akaanza, akanyamaza, akasugua paji la uso. Akamwomba Jones atoke kwanza, arudi baada ya saa moja. Aliporudi mzee akajaribu tena, hakuna kitu. Akaomba muda mwingine. Mwishowe akaangua kilio, kwa sababu hatua zote zilikuwa zimemtoka kichwani. Alizitunza miaka 30 bila kuzitumia na bila kumwambia mtu, na siku alipotaka kuzitoa hakuzikuta. Alifariki mwaka 1872.

Wanaoandika programu watanielewa nikisema nilisisimka. Kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi ilikuwa na programu ya mishahara iliyoandikwa na mtu mmoja. Hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Alipoacha kazi, mishahara ya mwezi uliofuata ikakwama, nami nikalala ofisini siku tatu nikisoma msimbo wake kama mtu anayesoma kaburi. Nilimlaani sana. Baadaye nilipofungua programu zangu mwenyewe za mwaka uliopita nikagundua kwamba nami sikuandika maelezo. Black hakuwa mtu mbaya. Alifikiri tu kwamba kichwa chake ni mahali salama pa kuhifadhi.

Kuna siri kubwa zaidi iliyopotea katika ufundi huu, na hii inagusa hata pwani yetu. Ninazungumzia panga za kale zinazoitwa za Dameski, zile ambazo bapa lake lina michirizi kama maji yanayotiririka. Chuma chake kilitoka India ya kusini na Sri Lanka. Kiliyeyushwa katika vyungu vidogo vya udongo, kikatoka kama keki ndogo, kikasafirishwa hadi kwa wafua panga. Bahari ya Hindi ilikuwa njia kuu ya biashara ya chuma. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza kwa faida kubwa, na kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na kupelekwa India, ambako mafundi walikigeuza kuwa silaha bora. Ndiyo maana sishangai kwamba lugha yetu ina neno "feleji" kwa chuma bora cha panga.

Kufikia karne ya 19 ujuzi wa panga hizo ulikuwa umepotea. Wanasayansi wa Ulaya walihangaika nao. Michael Faraday, yule yule wa umeme na sumaku, ambaye baba yake alikuwa mhunzi, alichapisha uchunguzi wake wa chuma hicho cha India mwaka 1819, na baadaye akafanya majaribio mengine pamoja na fundi wa visu James Stodart. Hawakufaulu kukitengeneza upya.

Jibu lililonishawishi mimi lilitolewa na watu wawili waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi: John Verhoeven, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa State, na Alfred Pendray, mhunzi wa Florida. Mwaka 1998 walichapisha makala wakionyesha kwamba ile michirizi hutokea ikiwa chuma kina kiasi kidogo mno cha elementi kama vanadiamu. Kwa maoni yao, mawe ya chuma ya machimbo fulani ya India yalikuwa na uchafu huo wa bahati. Machimbo yalipobadilika, uchafu haukuwapo tena. Wahunzi walifanya kila kitu kama baba zao walivyofanya, lakini michirizi haikutokea, na hakuna aliyejua kwa nini.

Wenzangu, si mnajua hali hii? Programu ilikuwa inafanya kazi jana. Leo hujagusa hata mstari mmoja, lakini haifanyi kazi. Unahangaika mpaka unagundua kwamba maktaba fulani unayoitegemea ilibadilishwa na mtu usiyemjua. Sehemu ya siri ya wahunzi wale ilikuwa nje ya vichwa vyao. Ilikuwa ndani ya jiwe.

Sasa turudi Marekani. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 viwanda ndivyo vilivyotengeneza visu, na wafuaji wa mkono walikuwa wachache sana. Kilichouokoa ufundi huu ni uraibu. Katika Michigan kulikuwa na mzee aliyeitwa William Scagel akifanya kazi yake kimyakimya. Katika miaka ya 1930 mkulima wa machungwa wa Florida, Bo Randall, alimwona mtu akikwangua rangi ya mashua kwa kisu cha Scagel bila makali kuharibika. Akakinunua. Akaenda nyumbani akajaribu kutengeneza chake katika gereji, kwa kujifurahisha tu. Baada ya miaka michache jina lake likawa kubwa. Mwaka 1953 baharia kijana, Bob Loveless, aliingia dukani New York kutaka kisu cha Randall akaambiwa asubiri miezi tisa. Hakuwa na subira hiyo. Alipata springi ya gari aina ya Packard la mwaka 1937 kwenye jaa la magari, akajitengenezea kisu chake akitumia jiko la melini. Nilipofika hapo nilifurahi sana. Kumbe hata yeye alianza na springi!

Hapo ndipo anapoingia yule wa pili wa tarehe 1 Mei. William Moran, au Bill, alizaliwa mwaka 1925 katika familia ya wakulima wa Maryland. Alianza kutengeneza visu akiwa mtoto kwa kutumia vyuma vilivyotupwa shambani. Alikuwa akifua kwa moto na nyundo wakati ambapo wengi wa waliobaki walikata visu vyao kutoka kwenye bamba la chuma na kuvisaga tu. Kwa miaka mingi alihangaika na jambo moja: chuma chenye matabaka.

Njia yenyewe ni hii. Unapanga vipande vya aina mbili za chuma kimoja juu ya kingine. Unavipasha moto mkali sana, unamwagia unga wa boraksi ili uchafu uyeyuke na kutoka, kisha unavipiga nyundo mpaka vinashikana kuwa kitu kimoja. Unakirefusha, unakikunja, unapiga tena. Ukianza na matabaka 5 na kukunja mara 6, umepata matabaka 320. Nguvu za 2, jamaa zangu, hata kwa wahunzi zipo! Mwisho unakitia kwenye tindikali, ambayo hula aina moja ya chuma kuliko nyingine, na michirizi inajitokeza. Wahunzi wa sasa nao hukiita chuma cha Dameski, ingawa si kile cha vyungu vya India. Ni njia nyingine ya zamani iliyokuwa karibu kusahaulika.

Mwaka 1973 Moran alifika kwenye maonyesho ya Knifemakers' Guild, chama cha watengeneza visu kilichoundwa mwaka 1970, akaweka mezani visu vinane vya chuma hicho. Watu walishangaa. Hapo angeweza kutundika pazia la ngozi kama Black. Wateja wangelipa, na wenzake wangebaki kukisia. Lakini Moran alikuja na visu pamoja na kijitabu kinachoeleza jinsi ya kutengeneza chuma hicho. Akakigawa bure kwa washindani wake. Hiyo ilikuwa miaka 10 kamili kabla ya Richard Stallman kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na sisi wapenzi wa programu huria hudhani jambo hili lilianzia kwetu!

Mwaka 1976 Moran na wenzake wakaanzisha American Bladesmith Society, chama cha wafua visu. Kitu ninachokipenda zaidi katika chama hicho ni mtihani wake. Hawakuulizi ulisomea wapi. Unaleta kisu ulichokifua mwenyewe, kisha mbele ya msimamizi unakata kwa pigo moja kamba nene ya inchi 1 inayoning'inia bila kushikwa. Halafu unakata vipande mara mbili ubao wa inchi 2 kwa 4. Halafu, kwa makali yale yale bila kunoa, unanyoa malaika ya mkono. Mwisho kisu kinabanwa kwenye jiliwa na kukunjwa hadi nyuzi 90. Ufa mdogo kwenye makali unavumiliwa, lakini kikivunjika umeanguka. Anayetaka daraja la juu kabisa huja na kisu cha matabaka yasiyopungua 300.

Angalieni akili iliyomo. Kamba hupima ukali, ubao hupima kama makali yatadumu, kunyoa huhakikisha jaribio la pili halikuharibu la kwanza, na kukunja hupima kama mgongo ni laini vya kutosha kustahimili. Kisu kigumu mno kitavunjika, na kilaini mno hakitanyoa. Huwezi kudanganya mtihani wa namna hiyo kwa mpini mzuri. Laiti tungepima programu zetu hivyo kabla ya kuwakabidhi wateja.

Na sasa sehemu iliyonifanya niandike makala hii. Chama hicho kilipofungua chuo cha kufundisha uhunzi, mwaka 1988, mahali kilipofunguliwa ni Washington, Arkansas, mji ule ule wa James Black. Chuo hicho kikaja kuitwa kwa jina la Moran. Leo katika mji huo huo kuna chuo cha uhunzi chini ya Chuo Kikuu cha Arkansas tawi la Hope-Texarkana, nacho kinaitwa kwa jina la James Black. Yule mzee aliyelia kwa kusahau sasa ana chuo, na wanafunzi huingia wakiwa na kalamu na karatasi.

Msinielewe vibaya, sisemi kwamba sisi tunangoja Wamarekani watufundishe. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, kule Tanzania karibu na ziwa, waliombwa na watafiti wawaonyeshe jinsi chuma kilivyoyeyushwa zamani. Kazi hiyo ilikuwa imekufa miongo kadhaa kabla, vyuma vya bei nafuu kutoka Ulaya vilipojaa sokoni. Wazee wakajenga tanuri kwa kumbukumbu, wakahangaika, na mwishowe wakatoa chuma cha pua. Watafiti hao, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha habari hiyo katika jarida la Science mwaka 1978. Tofauti na Black ni kwamba wale walikuwa kundi. Anachosahau mmoja, mwenzake anakumbuka. Lakini walikuwa wazee tayari. Miaka michache baadaye pengine asingepatikana wa kuulizwa.

Nikarudi kwa yule mzee wangu nikamwomba ruhusa ya kuandika anayoyajua. Hakukubali haraka. Aliniuliza swali la maana: "Nikiambia kila mtu, mimi nitakula nini?" Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimweleza habari za Moran, kwamba baada ya kugawa siri yake foleni ya wateja wake ilibaki ya miaka mingi, maana waliosoma kijitabu hawakuwa na mikono yake. Akanyamaza. Kisha akanipa nyundo akaniambia nifue patasi mbele yake. Nilifua. Aliitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Andika tu," akasema, "lakini jina langu usiweke."

Kwa hivyo nimeanza kuandika, na la kwanza ni lile lililonivunjia kisu. Springi ya gari ina kaboni ya takribani asilimia 0.6. Ipashe moto mpaka sumaku isiishike, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, kisha ongeza kidogo tu. Itose kwenye mafuta yaliyopashwa yakawa vuguvugu, si maji, kwa sababu maji huipoza kwa kasi kuliko inavyoweza kuvumilia. Fanyia nje, na uwe na kifuniko cha chuma karibu, maana mafuta yanaweza kushika moto. Pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza bila kula chuma, umefaulu. Kisha kiweke kisu kwenye oveni ya nyuzi 200 hivi kwa saa mbili, kipoe, urudie tena, ili kisiwe kikavu kama glasi.

Kisu changu cha pili nilikifanya hivyo. Ni kibaya kwa sura na mpini wake umepinda, lakini kinakata sukumawiki kila jioni na hakijapasuka. Kile cha kwanza nimekitundika ukutani juu ya tarakilishi, na ule ufa wake unanikumbusha kuandika maelezo kabla ya kufunga kazi.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayejua kufua, kusuka, kuunda mashua au kuchonga mizinga, mwendee wikendi hii na daftari. Msingoje atimize miaka 70. Tuonane tena hapa wiki ijayo, tutarudi kwenye mambo ya seva.